Nyika Isiyo Nyika

Kwa miaka mingi tumekuwa watumishi wa serikali mchana na watunzi wa mashairi usiku. Elimu yetu haikupita sekondari, lakini katika lugha tulijiona mabingwa. Kwa hiyo tulipoanza kutafsiri Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë iliyotolewa mwaka 1847, hatukusita. Neno "moor", linalotaja nchi ile ya Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, tulilifasiri "nyika", tukasonga mbele.

Siku moja tuliwasomea wanafunzi wa sekondari sura ya pili. Msichana mmoja akasimama: "Shikamoo, mzee. Nyikani kwetu mtu hufa kwa kiu. Mbona mgeni huyu anaonywa asije akapotelea kwenye kinamasi?"

Tuliona haya. Neno tulikuwa tumelifasiri, lakini nchi yenyewe hatukuwa tumeiona. Katika akili za vijana wale tulikuwa tumepanda miiba na vumbi mahali penye ukungu na udongo mweusi unaoshika maji kama sifongo.

Tulimweleza hayo mwenzetu wa ofisini, mzaliwa wa Marangu. Akacheka, akasema, "Ndugu yangu, mahali hapo napajua." Akatueleza jinsi msitu wa Kilimanjaro unavyokoma, kiasi cha mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na vichaka vya majani madogo magumu vikaanza, penye baridi, upepo na ukungu. Baadaye tulisoma kwamba vichaka hivyo na vile vya Yorkshire ni vya ukoo mmoja, ingawa vya kwao ni vifupi na huchanua zambarau.

Tulifuta "nyika" katika kila ukurasa, tukaandika "uwanda wa ukungu", na pale neno linapotokea mara ya kwanza tukaieleza nchi hiyo kwa sentensi mbili. Jambo moja lilitushinda: jina la Heathcliff limeunganisha vichaka hivyo na genge la mwamba. Tuliliacha lilivyo, na msomaji wetu amepata hasara hiyo.

Tulikuwa tumezoea kusema kwamba Kiswahili kina upungufu wa maneno. Siku hizi hatusemi hivyo upesi. Upungufu ulikuwa wetu, tulioketi mezani na kamusi, wakati aliyeijua nchi ya namna hiyo alikuwa ameketi meza ya pili.