Besi ya baba, masikio ya mtoto (Sehemu ya 3)

Haya mama zangu, tunaendelea. Sehemu ya 1 tuliongea usingizi wa kichanga, ya 2 kelele za mtaani. Leo najibu swali ambalo mmeniuliza sana tangu juzi: "Nesi, mume wangu anapiga gita la besi na mazoezi anafanyia nyumbani. Tuna chumba na sebule, mtoto ana miezi miwili. Nimwambie auze?"

Jibu langu: usimwambie auze. Kaeni mzungumze habari ya spika.

Naongea kama nesi, lakini pia kama mke wa mpiga besi. Kwetu gita ni kazi. Harusi za Jumamosi zinachangia kodi ya nyumba, na asiyefanya mazoezi haitwi tena. Ukimwambia "acha", hapo hujashauri, umeanzisha ugomvi. Ila na masikio ya mtoto hayana spea. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, na vikifa kwa kelele haviwi vipya tena. Mtu mzima akichoka na kelele anatoka nje. Kichanga atatokaje?

Kwanza tuielewe besi yenyewe. Uzi wake mnene kabisa, ukipigwa bila kubanwa, unatetema kama mara 41 kwa sekunde. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8, yaani limeshazidi chumba chenu. Ndiyo maana ukuta hauizuii vizuri. Jirani hasikii wimbo, anasikia du, du, du, na vikombe kabatini vinaitikia.

Halafu kuna hili: masikio yetu ni mazito kwa sauti nene zikiwa ndogo. Mpigaji akipunguza volyumu, besi inakuwa kama imepotea, basi anapandisha kidogo, halafu kidogo tena. Siyo dharau, dada. Ndivyo sikio lilivyo.

Sasa kelele nyingi ni ipi? Shirika la Afya Duniani, kwa kusikiliza muziki kwenye vifaa, linaweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa watoto. Mtu mzima akifika desibeli 90, zile saa 40 zinabaki 4 tu. Programu ya simu inaweza kukukadiria, ila kwa sauti nene usiiamini sana. Kipimo cha bure ni hiki: simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzio na uongee kawaida. Ukilazimika kupaza sauti ndipo akusikie, imezidi.

Tuje kwenye vyombo.

1. Sabufa ya sebuleni: hapana. Imetengenezwa kwa muziki uliokwisha kurekodiwa na kusawazishwa. Gita likichomekwa moja kwa moja sauti inatoka dhaifu, akipandisha na kukaza kidole, spika inaweza kupasuka.

2. Amplifaya kubwa ya jukwaani: ibaki kwa bendi. Spika ya inchi 15 ni ya kujaza ukumbi. Nyumbani baba anatakiwa ajisikie mwenyewe tu.

3. Amplifaya ndogo ya mazoezi, ile ya besi: hii ndiyo. Wati 10 hadi 25 na spika ya inchi 8 zinatosha chumba. Iwe na tundu la hedifoni, na tundu la kuchomeka simu ili apige akifuata wimbo. Dukani aende na gita lake. Achomeke hedifoni ahakikishe spika inanyamaza kabisa, kisha asikilize kwa volyumu ya chini kabisa, maana huko ndiko atakakoishi nayo. Akiwa na ya gita la solo, itavumilia sauti ndogo tu.

4. Hedifoni: usiku hakuna mjadala. Ziwe za waya. Zisizo na waya mara nyingi huchelewesha sauti. Kidole kimeshapiga, mlio unafuata nyuma, na mpiga besi ndiye anayeshika mdundo. Naye alinde masikio yake: volyumu ya wastani, na apumzike katikati.

Mahali pa kuiweka pia pana kazi. Isikae kwenye kona, kona inaivimbisha besi. Isikae sakafuni moja kwa moja, iwekeeni kipande cha godoro chini. Iwe karibu na mpigaji, imeelekea masikio yake, mbali na kitanda cha mtoto. Aongeze kidogo sauti ya kati. Noti zitasikika bila kupandisha volyumu. Wengine huipandisha juu ya stuli. Sawa, ila mtoto akianza kutambaa ishusheni, atavuta waya imwangukie. Na ule mguu wa ethi kwenye plagi msiukate, hata kama soketi haiukubali. Badilisheni soketi.

Mama kijacho, na wewe: katika nusu ya pili ya ujauzito mtoto ameshaanza kusikia, na tumbo huzuia sauti nyembamba kuliko nene. Usiegemee spika wala kukaa ukiwa umeigusa.

Pamba masikioni mwa mtoto hapana. Haizuii besi, na anaweza kuitoa akaila.

Kama kichanga hashtuki kabisa kwa kishindo, au amefika miezi 6 hageuki ukimwita, usisubiri. Mpeleke kliniki, useme wazi kwamba una wasiwasi na masikio yake.

Lakini msiogope muziki. Besi iliyo chini ya sauti ya maongezi haimdhuru mtoto. Pangeni saa: mtoto akiwa macho, baba apige taratibu naye akiwa mgongoni kwako. Akilala, hedifoni.

Mwonyeshe mwenzio asome naye, msomee pamoja. Sehemu ya 4 nitaongelea mtoto na simu. Maswali yaleteni hapa chini.