Tuhesabu Kabla ya Kununua

Tulipoamua kununua printa ya kuchapia masomo ya katekesi, tuliuliza swali moja tu: ni ipi yenye bei ndogo? Tukachukua ya wino wa maji, tukarudi tukifurahi. Baada ya majuma machache wino ukaisha. Tukanunua katriji nyingine, nayo haikudumu. Michango ya wanachama ikawa inayeyuka.

Ndipo tulipoanza kumtazama kwa jicho baya kijana aliyetunza ufunguo wa ofisi. Tulinong'onezana kwamba huenda anawachapishia watu kwa siri. Maneno yakamfikia. Hakugombana na mtu. Alileta daftari alimoandika kila karatasi iliyotoka. Tulihesabu mara mbili, tusione kosa lolote.

Fundi ndiye aliyetufumbua macho. Katriji inayokuja ndani ya printa mpya mara nyingi huwa na wino mchache kuliko ile inayouzwa peke yake. Tena printa ya namna hii hutumia wino kujisafisha, hasa inapowashwa upya baada ya umeme kukatika ghafla. Na umeme wetu hukatika mara kwa mara. Ikikaa siku nyingi bila kazi, wino hukauka katika vitundu vyake.

Sisi tuliosomea ualimu tulikuwa tumesahau kugawanya. Katriji ya dola 20 ikitoa kurasa 200, kila ukurasa hugharimu senti 10. Ya unga ikiuzwa dola 60 na kutoa kurasa 2,000, ukurasa ni senti 3. Kwa kuwa twachapa maandishi meusi kwa wingi, tena siku chache tu za mwezi, printa ya leza ilitufaa zaidi, ingawa bei yake ni kubwa. Inapopata moto huvuta umeme mwingi, hivyo hatuiwashi kwa jenereta yetu ndogo. Twangoja umeme wa mji. Twachapa pande mbili za karatasi, na daftari la kijana limekuwa kanuni ya ofisi.

Tulimwomba msamaha mbele ya wote, maana tulimnong'ona mbele ya wengi. Alitusamehe, lakini ilimchukua muda kurudi kucheka nasi. Katriji huuzwa dukani. Jina jema la ndugu haliuzwi popote. Basi tuhesabu kabla ya kununua, na tuhesabu tena kabla ya kushuku.