Mwezi Ukiwaka, Rejesho Halilali

Jana tulibishana hapa hosteli eti wanaokopa kausha damu hawajui hesabu. Mimi mtoto wa Ujiji, tena nasomea ualimu wa hesabu, nasema wanaijua kuliko sisi.

Nendeni Kibirizi mkawaulize akina mama waanika dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, hakuna cha kuanika. Lakini rejesho ni kila wiki, kwingine kila siku! Basi mtu anakopa kwa wa pili amlipe wa kwanza.

Ikaja 2024, ziwa likafungwa Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Sipingi, samaki walishapungua kweli. Ila mwezi mmoja wa mbalamwezi ukawa mitatu, jamani.

Nchi ina Sheria ya Kufilisika, mtu unakwenda Mahakama Kuu. Nani Kibirizi anaijua? Huku unabebewa godoro na sufuria, na deni linabaki. Mama jirani yetu walimbebea hadi mabeseni, wanawe wanaangalia. Ziwa lilipofunguliwa, alianza kwa kuazima beseni.