Stika Zimetoka, Jina Limebaki

Kama umewahi kuuza gari ya marehemu, hii utaielewa haraka.

Dada mmoja wa Uyole, Mbeya, alipata mteja wa Noah ya baba yake. Mteja ni dereva wa njia ya Tukuyu, hana maneno mengi. Akaizunguka gari, akasikiliza injini, akasema iko poa ila stika zimezidi. Pale pale akakata laki tatu. Zikitoka zote, laki tatu inarudi. Dada naye alikuwa na ada ya chuo ya mdogo wake, hana ujanja.

Mzee alikuwa mtu wa kubandika, kubandua hajui. Kioo cha mbele kilijaa stika za wiki ya Nenda kwa Usalama za miaka kibao. Hata stika ya ada ya mwaka ya gari ya 2016 ilikuwepo, wakati ada yenyewe ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta. Mlango wa nyuma ndiyo balaa: herufi nyekundu kubwa, jina la huyo huyo binti yake.

Akaanza asubuhi na kisu. Baridi ya Uyole unaijua, gundi ilikuwa imekauka kama ganda. Kijana wa kuosha magari akamuwahi: "Dada, acha kwanza. Rangi ukiikwangua hairudi."

Wakasubiri jua lipande. Kijana akaloweka kitambaa kwenye maji ya moto, siyo ya kuchemka, maana kioo cha baridi kikimwagiwa maji yanayochemka kinaweza kupasuka. Akakikandamiza juu ya stika mpaka ikalainika, akainua ukingo kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, akaivuta taratibu huku ameilaza. Gundi iliyobaki akaipaka mafuta ya kula, akaiacha dakika kumi, akaifuta, akamalizia na maji ya sabuni. Kioo cha nyuma chenye zile nyaya nyembamba, wembe marufuku kabisa. Ukizikata, umeharibu.

Jina likaachwa mwisho. Kijana akataka kulitoa, dada akasema hapana, nalitoa mwenyewe. Herufi moja moja, hakuongea kitu. Alipomaliza akamwagia maji, akafuta, akarudi nyuma kidogo kuangalia.

Jina bado linasomeka.

Gari yote ilikuwa imepauka kwa jua la miaka, ila chini ya zile herufi rangi ilibaki bluu iliyokolea, kama siku ilipobandikwa. Kijana akajaribu polishi. Ikapunguza kidogo tu. "Hii mpaka ipigwe rangi," akasema.

Jioni mteja akarudi. Akapita mbele, akaridhika. Alipofika nyuma akasimama.

"Hili jina la nani?"

"Langu."

Akakaa kimya kidogo. Kisha akahesabu hela, akakata elfu hamsini ya kupiga rangi. Dada hakubishana. Ada ikalipwa wiki ile ile, na mdogo wake mpaka leo hajaambiwa habari ya kile kisu wala ile elfu hamsini.

Noah sasa inapakia abiria wa Tukuyu pale njia panda. Jua likiipiga kwa upande, jina linaonekana. Dada akipita huwa anaangalia.

Miezi inakwenda, mteja bado hajapiga rangi.

Wewe ungeweza kulibandua?