Dingi ya Laki na Nusu

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye yoti hudhani nimeukata. Wanaona ile picha ya gazetini: tajiri kavaa miwani ya jua, kashika glasi, vipusa wamejilaza juu ya sitaha. Mimi kwenye picha hiyo simo. Mimi niko chini upande wa shetri, ndani ya kile kidude cha mpira kinachofungwa nyuma kwa kamba. Hapa Mtwapa tunakiita dingi. (Wenzangu wa Nairobi msicheke. Huku kwetu dingi si baba wa mtu.)

Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo zikitajwa nyumbani mama huanza kuzungumzia bei ya unga. Nikakaa kijiweni mwaka mzima nikijiita mwandishi. Ndipo mjomba akanitafutia kazi kwenye yoti ya mashine, futi 42, mali ya tajiri mmoja wa bara ambaye huteremka pwani mwisho wa mwezi. Yoti hiyo haisogei ufuoni. Imefungwa kwenye boya katikati ya hori, na siku za bamvua maji hushuka zaidi ya mita 3, ukingo wote ukabaki matope na mizizi ya mikoko. Kwa hiyo kila kitu lazima kipite kwenye dingi: maji ya kunywa, gesi, barafu, wageni, mpishi, takataka za jana. Boti kubwa hutoka baharini mara mbili kwa mwezi. Dingi huenda na kurudi kutwa nzima.

Na kazi ya dingi, msomaji, sehemu kubwa ni kungoja. Unawashusha wageni, mmoja anakwambia, "Tungoje hapo, hatukawii," na wewe unangoja saa tatu. Humo ndimo nilimoandikia riwaya yangu. Nilikuwa nakaa juu ya tangi la petroli, mgongo nimeuegemeza kwenye mpira, daftari mapajani, mwavuli wa bosi kichwani. Nimewahi kusoma kuhusu waandishi wenye vyumba vyao na meza zao. Mimi chumba changu kilikuwa kinajazwa upepo kila asubuhi kwa pampu ya mguu.

Sasa nieleze jinsi chumba hicho kilivyokwenda.

Ilikuwa mwezi wa Juni, kusi imekaza. Jioni tunarudi nchi kavu watu watano: mimi, mwenzangu wa sitahani, mafundi wawili wa rangi, na mpishi wetu ambaye wote tunamwita Mamaa. Juu yake kulikuwa na ndoo za rangi, mashine ya kusugulia na sanduku la barafu. Dingi yenyewe ilikuwa ya PVC, imekaa juani mwaka wa tatu bila hata turubai la kuifunika. Ule mshono wa nyuma, unaoshika ubao wa kufungia mashine, ulikuwa umeanza kuachia gundi. Nilimwambia tajiri mara mbili. Alisema tutaiangalia mwisho wa mwezi. Miisho ya mwezi miwili ilikuwa imekwisha kupita.

Tulipofika katikati nikaongeza moto kidogo kukata mkondo, maji yalikuwa yanatoka kwa kasi. Nikasikia mlio kama kanga inayochanwa. Ubao ukang'oka na mashine yake, ukazama mbele ya macho yangu, maji yakaingia mara moja mpaka kiunoni. Mpira wa mbele bado ulikuwa na upepo, tukauning'inia kama popo. Mkondo unatupeleka mlangoni kwa bahari, kule mawimbi yanakopasukia mwambani. Mamaa hajui kuogelea. Alinishika shati kwa nyuma akawa haongei, hapigi kelele, anapumua tu sikioni mwangu. Ningependa kusema nilikuwa shujaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nahesabu taa za nyumba za ng'ambo na kuona jinsi zinavyopita upesi.

Mvuvi mmoja na mwanawe, waliokuwa wanarudi na mtumbwi wao, walitutupia kamba wakatuburura mpaka kwenye mikoko. Chaza walitukata miguu, lakini hakuna aliyekufa. Mashine ilizamiwa kesho yake maji yalipokupwa, ikaoshwa kwa maji baridi na kujazwa mafuta kabla chumvi haijaila, mpaka leo inafanya kazi. Daftari langu halikuonekana. Sura nne, kwa kalamu ya wino, ndani ya mfuko wa nailoni ambao niliuamini bure.

Mamaa ni mtu wa Likoni. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, karibu kabisa na nchi kavu, wakafa watu 272. Dada yake alikuwa mmoja wao. Mimi wakati huo sikuwa nimezaliwa, ajali hiyo nilikuwa naijua kama unavyojua hesabu za shule. Usiku ule, tumekaa matopeni tunatetemeka, aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, hata kule walijua ni bovu." Asubuhi hakuja kazini. Wala wiki iliyofuata.

Tajiri akapiga simu. Alisikitika, siwezi kumsingizia. Aliuliza kama kuna aliyeumia, halafu akauliza kama mashine imepatikana, halafu akasema, "Tafuta dingi nyingine. Bei nafuu, lakini. Isizidi laki moja na nusu. Wewe ndiye unayeitumia, chagua wewe."

Chagua wewe! Tangu nizaliwe nilikuwa sijawahi kuchagua kitu cha zaidi ya elfu mbili.

Nilipanda matatu nikaenda mjini Mombasa. Duka la kwanza, ambalo sitalitaja, walinionyesha boti mpya ndani ya sanduku, haijafunguliwa, inanukia kama viatu vipya. Laki na thelathini. Nzuri ajabu, nyeupe, ina mstari wa buluu. Nikaomba kuona kile kibati kinachobandikwa nyuma. Vijana wengi wa kazi hii hawakisomi, lakini mimi husoma chochote chenye maandishi. Kilisema watu watatu, mashine isizidi nguvu za farasi 6. Yetu ni 15.

"Hizo ni namba za Wazungu," muuzaji akasema. "Huku watu wanapakia hata sita."

Nikamwambia najua wanapakia, mimi ni mmoja wa waliopakiwa. Hakuelewa. Akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya kaka mkubwa kwamba nikimletea tajiri wangu, yeye atanitoa elfu kumi ya soda. Mshahara wangu ni elfu kumi na tano. Elfu kumi ni simu ya kuandikia, si kwa wino tena bali kwa kitu kisichoyeyuka. Nilisimama pale nikilitazama lile sanduku kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nikasema nitarudi.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa babu mmoja fundi anayeunda vihori ng'ambo ya hori. Yeye mpira hataki hata kuuona. Alinionyesha kihori cha futi 10, mbao zimepigwa kalafati vizuri, mkuku umenyooka, laki moja kasoro. "Hiki kitakuzika wewe na wajukuu zako," alisema, na kwa mbao zile naamini. Tena kinapigika makasia. Hili watu hawalijui: dingi ya mpira mashine ikizima haina maana, ni puto tu, upepo unaichukua unakotaka. Kihori unakaa chini, unapiga kasia, unafika. Nilikipenda mpaka nikaumwa. Lakini kukiinua tulihitaji watu wanne, na ile mikono miwili ya chuma nyuma ya yoti imeandikwa kilo 120 kwa yote miwili, haikuwekwa kwa ajili ya mbao. Ukikifunga kando, kila wimbi kitagonga ubavu wa yoti, na rangi ya ubavu ule naambiwa ina bei kuliko ukoo wetu. Na mtu mzito kama Mamaa akikanyaga ukingo, kihori kinalala. Mpira haulali. Mtu mwoga anapanda mpira. Hapo ndipo nilipoachana na babu, kwa heshima, nikanywa chai yake.

Ya tatu ilikuwa kuukuu. Mzee mmoja wa Kilifi alikuwa anauza boti yake na kila kilichomo ndani, na dingi yake ilikuwa futi 10 na nusu, mpira mzito wa rangi ya kijivu uliochujuka, viraka vitatu, sakafu ya mbao imeoza kona. Ukiiona hutatoa hata elfu tano. Lakini haikuwa PVC. Ilikuwa Hypalon, ule mpira ambao DuPont walikuwa wakiutengeneza Marekani mpaka 2010, na wengine wametengeneza wa namna yake baada ya hapo. Bei yake ikiwa mpya iko juu mno. Tofauti yake na PVC, kwa mtu wa kwetu, ni jua tu. PVC kwenye joto letu inakauka, mishono inachoka, gundi inaachia kama ilivyotuachia sisi. Hypalon inachujuka, inakuwa mbaya kama nguo ya shamba, lakini inashika. Kibati chake kilikuwa bado kinasomeka: watu watano, nguvu 15.

Nilimwomba mzee aniachie niijaze nilale nayo. Akacheka lakini akaniruhusu. Nikaijaza jioni jua limezama, maana ukijaza mchana upepo wa ndani unapata joto unavimba, unakudanganya. Nikapaka povu la sabuni kila mshono, kila kiraka, kila mdomo wa kujazia. Vyumba vya upepo ni vitatu. Alfajiri viwili vilikuwa vigumu kama ngoma, cha kulia kimelegea kidogo; mdomo wake ulikuwa unatoa vipovu vidogo kama mate ya mtoto. Mdomo unabadilishwa. Nikavuta ule ubao wa nyuma kwa nguvu zangu zote, miguu nimeisimika mchangani. Nikauvuta tena. Sina aibu kusema niliuvuta mara ya tatu huku nikitukana.

Alitaka laki moja na ishirini. Tukakubaliana laki na kumi, na makasia yake mawili. Midomo mipya, gundi na mbao za sakafu nikakadiria elfu ishirini na tano. Ikabaki elfu kumi na tano, nikaziandikia makoti matano ya kuokolea, ya mitumba. Chenji hakuna, soda hakuna.

Sasa kazi ikawa kumshawishi tajiri kwamba kitu kikuukuu kilichochujuka ni bora kuliko kipya chenye mstari wa buluu, kwa pesa karibu zile zile. Kwa simu nisingeweza, yeye huniambia "fupisha" kabla sijaanza. Nikamwandikia barua. Kurasa mbili, nikazipiga picha nikamtumia. Niliandika bei ya kila boti, na itadumu mpaka lini kwa nionavyo mimi, na kila moja inaruhusiwa kubeba nini. Niliandika juu ya gundi. Niliandika kwamba yoti yake ina bima, ina rada, ina vizima moto vinne, lakini tangu nimwajibikie sijaona mtu aliyekaribia kufa ndani ya yoti. Nikafuta sentensi hiyo. Nikairudisha. Kuhusu elfu kumi za muuzaji sikuandika, maana nilihofu ataniuliza nilisimama pale muda gani.

Katika maisha yangu sijaandika kitu kwa uangalifu kama barua ile. Sura zangu nne zilikuwa na machweo mengi, mwezi ukichomoza kila mtu akipendana. Barua haikuwa na machweo hata moja.

Jibu lilikuja usiku: "Sawa. Nunua. Ila ikizama utalipa wewe." Baada ya dakika tano likaja jingine: "Hujasema kitambaa cha kufunikia ni bei gani." Nilikuwa nimesahau turubai! Aliongeza elfu nane.

Nilikaa wiki mbili naishona na kuibandika. Kisha nikaenda Likoni. Mamaa alinikaribisha, akanipa mahamri, akasema hatarudi. Nikamwambia sikuja kumrudisha, nimekuja kumwomba aiangalie tu. Alikuja siku ya maji mafu, asubuhi, hori limetulia kama kioo. Alizunguka dingi mara mbili. Akauliza ile nyingine ilipasuka upande gani, nikamwonyesha. Akashika ubao wa nyuma akautikisa mwenyewe. Akauliza koti lipi ni lake.

Nilikwenda polepole, mashine inanong'ona tu. Alishika kamba kwa mikono miwili na hakunitazama. Tulipofika katikati, pale pale, akaniuliza ghafla kile nilichokuwa naandika kila siku kilikuwa kinahusu nini. Nikamsimulia sura ya kwanza yote, jinsi nilivyoikumbuka, mpaka tukagusa ngazi ya yoti.

Akasema yule msichana analia sana. Hakuna mtu anayelia namna ile asubuhi kabla hajanywa chai. Kisha akanipa mkono nimshike, akapanda.