Eda ya Mfupa

Jino likishang'oka, pengo halibaki kama lilivyoachwa. Wengi hudhani hasara imekwisha siku ile koleo lilipotoka na gego, damu ikakatika, mtu akarudi nyumbani na pamba mdomoni. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Mfupa uliolishika jino huishi kwa kazi yake, nayo ni kupokea nguvu ya kutafuna. Kazi ikiondoka, nao huanza kuondoka. Ndani ya mwaka wa kwanza ukingo wa taya mahali palipong'olewa jino huweza kupoteza kiasi cha nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Taya la chini ndilo lenye bahati mbaya zaidi. Mtafiti Antje Tallgren, aliyefuatilia watu wasio na meno kwa miaka 25 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1972, alikuta kimo cha taya hilo kinapungua takriban mara 4 kuliko cha taya la juu. Wala hapaumi. Mtu hushtuka siku anapotazama picha yake ya zamani, akaona kidevu kimeisogelea pua.

Nayafikiri haya kwa sababu ya mama yangu, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani barazani kwake, Tanga. Kisukari kilimlegeza fizi polepole, na meno ya mbele ya juu yakatangulia. Asiyesomesha atadhani hasara hiyo ni ya sura. Kwa mwalimu wa chuo ni hasara ya herufi. Thaa na dhali hutoka kwa ncha ya ulimi kukutana na ncha za meno ya mbele ya juu; faa hutoka meno hayo hayo yanapogusa upande wa ndani wa mdomo wa chini. Yakishaondoka, mwalimu hulisikia kosa la mtoto, hulijua lilipo, lakini hana pa kumwonyeshea. Mama akawa anamwita mwanafunzi mkubwa awasomee wadogo aya, yeye anatikisa kichwa tu. Hakuna aliyempa pole. Tunayo maneno ya kumwambia mfiwa, ya kumwambia aliyeunguliwa nyumba, hata aliyeibiwa kuku. Kibogoyo tunamtania.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na waliowahi kutafunia pembe kweli wangewaunga mkono. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, alikuwa amebakiwa na jino lake moja. Daktari wake, John Greenwood, alimchongea meno kutokana na jino la kiboko, akaacha tundu ili lile moja lililobaki lipite. Yalimtutumua midomo na kumsumbua kila siku. Lakini katika habari za meno ya Washington linalonikaa moyoni ni jambo jingine: hesabu za shamba lake la Mount Vernon za mwaka 1784 zinaonyesha fedha walizolipwa watu weusi kwa meno 9. Pengo la bwana limeandikiwa vitabu. Wenye mapengo yale 9 hawakuandikwa hata majina.

Siku hizi, kabla ya meno bandia, mara nyingine hutangulia upasuaji wa kukiandaa kinywa. Daktari aliyempokea mama alikuwa kijana mpole. Alimwamkia, akamkalisha, akamweleza bila haraka. Meno machache yaliyobaki, ambayo yalikuwa yanacheza, yatoke. Ukingo wa mfupa wenye ncha kali ulainishwe. Uvimbe mgumu wa mfupa ulioota katikati ya kaakaa, ambao ulikaa humo miaka mingi bila kumdhuru, upunguzwe, la sivyo meno ya juu yatapembea juu yake. Na ule utando unaounganisha mdomo na ufizi ukatwe, kwa kuwa umeshuka mno na ungeyasukuma meno kila anapofungua kinywa.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. "Mwanangu," akamwambia, "mimi nimekuja kuongezewa, nawe wanipunguza."

"Tukiyakalisha juu ya ncha hizi, mama, ufizi utabanwa kati ya mfupa na plastiki. Utakuwa na kidonda kila siku."

Walipima sukari kwanza, wakamrudisha nyumbani mpaka itulie. Siku ya kazi yenyewe alipigwa ganzi, ufizi ukachanwa na kufunuliwa, mfupa ukasagwa kwa mashine huku maji ya chumvi yakimiminwa usipate joto, kisha ukapitishiwa tupa ndogo na ufizi ukashonwa juu yake. Daktari alikuwa bahili sana wa kusaga, na hilo lilinipendeza. Chembe inayoondolewa pale hairudi, na taya lenyewe tayari lina safari yake ya kupungua. Aondoe kinachojeruhi, basi. Fundi anayetaka ukingo ulionyooka kama rula humwachia mgonjwa taya lisiloshika kitu.

Taabu kubwa ilikuwa kungoja. Lakini mama alikuwa amewahi kungoja. Baba alipofariki, jamaa walikuja kabla hata hatujamaliza hitima, wakishauri chumba chake kipangishwe na kitanda kitolewe, eti mama asikae akikumbuka. Eda ndiyo iliyomkinga nao: miezi 4 na siku 10 hakuna aliyethubutu kumharakisha. Mfupa nao una eda yake. Tundu la jino hujaa damu iliyoganda, kisha nyama laini, kisha mfupa mchanga unaochukua miezi kukomaa, na muda wote huo ufizi unabadilika umbo. Meno yakitengenezwa mapema yatakaa vizuri leo, na baada ya miezi michache yatacheza. Hata wenye uwezo wa kupandikiziwa vipandikizi vya titani mara nyingi hawaepuki kungoja. Per-Ingvar Brånemark, Msweden aliyegundua kwamba mfupa hushikamana na metali hiyo, alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, mwaka 1965 mjini Göteborg. Katika utaratibu wake, skrubu zilikaa zimefunikwa ndani ya taya miezi 3 hadi 6 kabla ya kubebeshwa meno. Larsson alizitumia mpaka alipokufa mwaka 2006. Kipandikizi kina fadhila moja ambayo meno ya kuvua na kuvaa hayana: huurudishia mfupa kazi, nao husita kuondoka. Bei yake ilitupita.

Miezi ile mama alikula uji, mtori na ndizi za kuponda, mtandio ukiwa mdomoni kila mgeni alipobisha hodi. Wanawe tulitaka kumtafutia fundi wa haraka. Yeye ndiye aliyekataa, na alikuwa anajua zaidi yetu habari za kungojea.

Meno yalipokuja, faa ilirudi siku ile ile. Thaa ilikuja na mluzi kidogo, akaizoeza kwa kusoma peke yake alfajiri. Muwa aliuaga moja kwa moja. Meno ya chini yalimsumbua zaidi ya ya juu, kwa kuwa ulimi huyainua na pa kushika ni padogo. Ya juu yana kaakaa zima la kujigandamiza.

Basi kama kwenu yupo mzee aliyeanza kuiacha nyama ya pilau pembeni mwa sahani, na akicheka anajiziba kwa kanga, mpe pole kama unavyompa mfiwa, na usimharakishe. Mpeleke kwa daktari wa kinywa na meno wakati ukingo wa taya ungali na kimo. Akishapata meno bandia, ayavue usiku fizi zipumzike, na arudi kukaguliwa walau mara moja kwa mwaka. Taya litaendelea kupungua chini yake, na meno hayo yatahitaji kujazwa upya upande wa ndani ili yashike.