Kiwanja cha Nyuma ya Stendi

Wajomba na mama zangu wa Kibiti,

Juzi mpwa wangu, mwalimu hapo nyumbani, alinitumia sauti ya dakika nne. Kahama chumba cha karibu na stendi kwa sababu mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Sasa kapanga huko ndani, mashambani, na kila asubuhi hela ya bodaboda inamtoka kabla hajanunua hata chapati. Nikamuuliza, chumba ulichokiacha kimekuwa nini? Fremu. Wanauza makava ya simu.

Niliisikiliza sauti hiyo nikiwa kituo cha Seestadt, mwisho wa laini ya treni ya U2 hapa Vienna. Zamani palikuwa uwanja wa ndege. Treni ilifika Oktoba 2013, bado pakiwa vumbi na winchi. Wakazi wa kwanza wakahamia mwaka uliofuata. Treni kwanza, watu baadaye. Mbele yangu akashuka muuguzi, sare mwilini, mfuko wa vitunguu mkononi. Akavuka uwanja, akaingia mlango wa jengo la pili, na punde taa ikawaka ghorofa ya nne.

Wenzetu hawakuanza jana. Karl-Marx-Hof, majengo ya wafanyakazi yaliyozinduliwa 1930, yanatazamana na stesheni ya Heiligenstadt, na mpaka leo mwenye nyumba ni jiji. Karibu nusu ya watu wa Vienna wamepanga nyumba za jiji au zilizojengwa kwa ruzuku.

Sisi je? Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, mabasi ya Lindi na Mtwara yanatupitia mlangoni. Njia ya mwendokasi imefika Mbagala, palepale tunapopandia gari za nyumbani. Usafiri tunao, jamani! Barabara tumewapa wenye fremu na vituo vya mafuta, watu tukawasukuma nyuma. Boriti za delta yetu ya Rufiji zimebeba dari za nyumba kuanzia Zanzibar hadi nchi za Ghuba, leo mwalimu wetu anakosa chumba stendi? Na ndugu waliokimbia mafuriko ya Aprili 2024, wakishuka Nyamisati wafikie wapi?

Nisikilizeni basi. Mwenye kiwanja jirani na stendi asikiuze kwa maneno ya dalali. Wanandugu wachange, wajenge vyumba, hata ghorofa moja, wapangishe kwa mwezi. Anayenunua aione kwanza ramani ofisi ya ardhi ya halmashauri, kisha atembee mwenyewe kutoka kiwanjani hadi stendi, saa mkononi, maana "dakika tano" za dalali ni za pikipiki. Na madiwani wabaneni mkutanoni watenge eneo la nyumba za kupanga kabla halijaisha.

Mjomba, nasikia dalali kashakuja mara mbili kuulizia kile kiwanja cha babu nyuma ya stendi. Usikiuze. Nitakupigia Ijumaa baada ya swala, tupange matofali.